Jumanne Saba Kabla ya Jua Kuzama

Filamu moja ya Kikorea, yenye dakika mia moja thelathini na nane, imenigharimu koo langu, urafiki wa miaka ishirini na miwili, na jina zuri kutoka Nyanchwa mpaka Nyansiongo. Nimehesabu mara mbili na jumla ni ile ile. Pesa siziweki humu. Zilikuja, zikaenda, na kama yupo msimulizi wa filamu aliyetajirika katika kaunti hizi mbili, basi amejificha vizuri. Nawaandikia ninyi mlioshika maiki sasa, kwa sababu mwezi uliopita niliiweka yangu chini, na kwa sababu kuna uvumi kwamba niliiweka chini baada ya kuanza kulewa kazini. Sijawahi kulewa, kazini wala kwingine. Someni mpaka mwisho ndipo mseme.

Kazi hii sikuianzia kwenye ukumbi wa video. Niliianzia kwenye makambi ya Wasabato, chini ya kilima cha Nyanchwa, nikiwa nimesimama kushoto kwa Mzee Ombasa. Alikuwa mkalimani wa wahubiri wageni tangu kabla sijazaliwa, na siku hiyo alikuwa na mafua. Alinisukuma mbele, akaniambia, "Sema anachosema, usiseme unachojua." Mhubiri akaanza kueleza theluji. Mimi theluji nimeiona wapi? Nikawaambia watu kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba ni mvua ya mawe iliyolala chini kimya, ikafunika shamba lote. Mkutano mzima uliguna kwa huruma, maana hapa kwetu mvua ya mawe ikilala shambani, chai imekwisha. Mhubiri alibaki ametoa macho. Alikuwa anaeleza uzuri wa mbinguni.

"Umewapa kitu wanachokijua," Mzee Ombasa aliniambia baadaye tukinywa chai. "Ila umewaharibia mavuno."

Alinifundisha kusimama, kupumua na kubeba leso mbili, moja ya jasho na nyingine ya kuonyesha watu. Zaidi ya yote alinifundisha kunyamaza. Mhubiri akilia, mkalimani hasemi "analia". Watu wana macho. Ukisema kila kitu, alisema, umekuwa redio. Ninyi wa siku hizi mnaojaza kila sekunde kwa utani wenu, na kuwasalimia marafiki zenu wa mtaani katikati ya mazishi ya mtu, hayo ni maneno ya Mzee Ombasa na nayaleta kwenu bila kuyapunguza.

Kutoka pale nilichukuliwa na Nyakundi. Nyakundi alikuwa shemasi wa kanisa, mpiga video za harusi, na mwenye ukumbi wa filamu huko Nyansiongo, vyote vitatu kwa pamoja na bila kuona tatizo. Ukumbi wenyewe ulikuwa stoo ya maziwa ya mlowezi fulani aliyeondoka zamani. Kuta nene, madirisha madogo, harufu ya siagi iliyogoma kwenda naye. Alinisikia makambini, akanifuata nje.

"Kama unaweza kumfasiri Mmarekani anayelia," aliniuliza, "utashindwaje na Mchina anayepiga teke?"

Tulipatana malipo yangu kuanzia maziwa ya asubuhi yalipopelekwa mpaka ya jioni yalipokamuliwa. Sitaeleza mapatano yalivyokuwa, ila wote wawili tuliondoka tukilalamika, na hiyo ndiyo dalili ya mapatano mazuri.

Nilisimulia kwa Kiswahili, maana ukumbini walikuja wachuma chai, walimu, na wauza samaki waliopanda kutoka upande wa ziwani, na Ekegusii peke yake kingewaacha nje nusu yao. Mtu akichapwa vizuri sana nilirudi kwa lugha ya mama. Vifaa vyangu vilikuwa vichache: maiki niliyoivika soksi ya mtoto ili isipulizwe na pumzi, daftari la shule, na glasi ya maji vuguvugu yasiyo na sukari. Msinywe soda kabla ya kusimulia. Nilimwona mwenzetu mmoja akipiga mbweu katikati ya kifo cha bosi wa majambazi, na hakuna aliyemhurumia yule bosi tena.

Kulikuwa na utaratibu mmoja pale Nyansiongo ambao wageni hawakuuelewa. Onyesho kubwa lilikuwa la Ijumaa. Halikuweza kuanza kabla ya saa kumi na moja kasoro robo, kwa sababu watu wa chai hawaji kabla ya majani kupimwa. Na halikuweza kupita saa kumi na mbili na robo, kwa sababu jua likizama Sabato imefunguliwa, na Nyakundi hakuwa shemasi wa mchezo. Alikuwa akitoka nje, anaangalia jua limefika wapi juu ya mikaratusi, anarudi, anazima projekta. Filamu ifike ilipofika. Iliyobaki ilimaliziwa Jumapili. Kwa Wachina hapakuwa na shida. Anayepigwa Ijumaa ataendelea kupigwa Jumapili, na wewe hujapoteza kitu.

Halafu wakaja Wakorea.

Sisemi wale wa mapenzi na chakula kingi. Nasema wale wa filamu za kuchanganya akili, ambamo mtu harushi teke hata moja. Anakaa chumbani, mvua inanyesha, anaangalia saa, na baada ya saa mbili anagundua kwamba muuaji anayemtafuta ni yeye mwenyewe, ila wa kesho. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza kilichotafsiriwa na mtu mwenye haraka. Na filamu zenyewe hazikutangaza kwamba sasa tumerudi nyuma miaka mitatu. Ulipaswa kujua kwa nywele za mtu, au kwa simu aliyoshika.

Ya kwanza niliisimulia kama nilivyosimulia nyingine zote, mbele kwa mbele. Mwalimu mmoja wa hesabu alisimama katikati.

"Bwana, huyu alikufa."

"Bado hajafa."

"Tumemwona amekufa. Mimi na hawa wote."

"Atakufa, mwalimu. Hapa ni kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla ya kufa."

"Basi kwa nini mlituonyesha amekufa kabla ya kabla?"

Nikaenda nyumbani nikalitafuta jibu. Kuanzia hapo kila filamu ya Kikorea niliitazama mara tatu kabla ya kufungua mdomo. Katika daftari nilichora safu mbili: yale ambayo mtu wa kwenye filamu anayajua, na yale ambayo sisi tunayajua. Safu hizo zikilingana, unaweza kuongea. Zisipolingana, nyamaza, maana hapo ndipo mwenye filamu amekuwekea mtego na si kazi yako kuutegua. Nikatafuta pia chupa tupu ya soda na kijiko. Tukirudi nyuma, niligonga mara moja. Tukisonga mbele, mara mbili. Wiki ya tatu, yule mwalimu wa hesabu alikuwa anawaeleza wenzake kabla hata sijagonga.

Tatizo lililobaki ni Sabato. Filamu ya Kikorea ikikatwa katikati Ijumaa jioni, watu huenda nayo kanisani. Mchungaji alilalamika kwa Nyakundi kwamba wakati wa somo, kiti cha nyuma kilikuwa kinajadili kama mwenye duka la dawa alijiua mwenyewe jana au kesho. Nyakundi akaahidi kwamba filamu za Ijumaa zitakwisha Ijumaa. Mimi sikuwepo wakati ahadi hiyo inatolewa. Ningekuwepo ningeuliza maswali.

Sasa nifike kwa filamu yenyewe. Jina lake halina maana kwetu. Sisi tuliiita Mama wa Barafu. Mwanamke anauza samaki sokoni. Jumanne moja mwanawe wa miaka saba hatoki shuleni. Watu wameona tu mwanamke mwenye koti la kijani akimshika mkono. Mama analia, anakwenda polisi, hapati kitu. Kisha anagundua kwamba akijifungia ndani ya chumba cha barafu pale sokoni, anatoka asubuhi ya Jumanne ile ile. Anarudi mara saba. Kila mara anajaribu kitu kingine, na kila anaporudi, mtu mmoja anamsahau huyo mama: kwanza jirani, kisha dada, kisha mume. Akizuia mtoto asichukuliwe getini, mtoto anabaki shuleni, na paa la ukumbi wa shule linaporomoka. Jumanne ya saba anavaa koti la kijani yeye mwenyewe. Ndiye aliyemchukua. Anamkabidhi kwa watu wengine ili aishi, akijua kwamba yeye ndiye atakayesahauliwa.

Mwishoni mtoto amekuwa mkubwa kidogo, anakuja sokoni kununua samaki, na hamjui. Mama anataja bei, kisha anaipunguza mwenyewe, kisha anaipunguza tena, kabla mtoto hajaomba. Mimi nimepatana bei maisha yangu yote. Hakuna muuzaji anayefanya hivyo kwa mtu baki. Sikusema neno pale. Niliacha mkono wake ufunge samaki.

Mara ya kwanza niliisimulia kule Manga kilimani, Jumapili mchana, ndani ya stoo ya chama cha kahawa. Tulipanda kilima kwa boda boda mbili, jenereta kwenye moja, projekta mapajani mwangu kwenye nyingine. Nilisimulia dakika zote mia moja thelathini na nane. Ilipokwisha, watu hawakutoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi juu ya jukwaa la mizani akanifuata nikikunja nyaya. Ni Mama Kerubo, mchuma chai wa pale pale Manga. Binti yake Kerubo alikwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za nyumbani, na simu zake zilikuwa zimekatika mwaka mmoja na zaidi.

"Akirudi mara ya nane?" aliniuliza.

"Filamu imeishia saba, Mama."

"Nimekuuliza wewe, sijauliza filamu."

Nikamwambia kwamba kwa maoni yangu angerudi hata mara ya mia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyerudishiwa chenji iliyo sawa.

"Siku utakayoirudia hivi hivi, uniite. Nitamleta dada yangu. Yeye na shemeji zangu wanasema mimi nilimuuza Kerubo, kwa kuwa ni mimi niliyetafuta wakala na kutia sahihi. Wacha aje aone."

Niliahidi. Hiyo ndiyo ahadi ninayohangaika nayo hadi leo, ninyi wakubwa kwa wadogo, na ndiyo sababu ya barua hii ndefu.

Baada ya Manga, Nyakundi alitaka sauti yangu iwekwe kwenye filamu kabisa, ili ionyeshwe Nyansiongo hata nisipokuwepo. Koo lilikuwa limeanza kunikwaruza, nikakubali. Tulirekodi asubuhi tatu kwenye kompyuta yake. Naweza kusema bila haya kwamba sijawahi kusimulia vizuri hivyo, na sasa hamtajua kama nasema kweli, kwa sababu ya hayo yanayofuata.

Nyakundi aliitazama akiwa na saa mkononi. Kuanzia saa kumi na moja kasoro robo mpaka saa kumi na mbili na robo ni dakika tisini. Filamu ilizidi kwa dakika arobaini na nane. Jumapili hakuweza kuionyesha kwa sababu msimu wa harusi ulikuwa umefika, na Jumapili ndiyo siku ya harusi za Wasabato, na yeye ndiye mpiga video. Mtu mwingine angetafuta filamu fupi. Nyakundi alikaa siku nne na programu yake ya kukatia video za harusi, akaitengeneza.

Nilifika Nyansiongo Ijumaa ile filamu ikiwa imeanza. Nikaketi nyuma nijisikilize. Nilichokiona ni familia inakunywa chai asubuhi. Kisha mama yule yule, amevaa koti la kijani, anamchukua mtoto getini. Kisha mama yule yule analia mbele ya polisi kwamba mtoto ameibwa. Kisha anauza samaki. Chumba cha barafu hakuna. Paa hakuna. Jumanne sita hakuna. Ukumbi ulikuwa unacheka yule mama akilia. "Mwongo huyo," mtu alisema. "Mwizi wa mtoto wake mwenyewe, na machozi juu." Na juu ya yote hayo ilikuwa sauti yangu, imekatwa pamoja na picha, inasema, "Mara ya sita sasa, mama amechoka," wakati ni mara ya kwanza na mama anamimina chai. Chupa ikalia mara moja bila sababu. Ikalia tena mara mbili. "Kama mlivyoona barafuni," nikasikia nikisema, na hakuna aliyeona barafu yoyote.

Filamu ikaisha. Saa kumi na mbili na dakika kumi na tatu. Watu wakapiga makofi.

"Nani amekata?" nilimuuliza Nyakundi pale mlangoni.

"Mimi. Na usinishukuru bado, kuna sehemu moja sijaipenda."

"Nyakundi, Jumanne ziko wapi?"

"Zilikuwa zinarudia. Nilidhani sidii ina mkwaruzo. Chai ile ile, geti lile lile. Nikachagua Jumanne iliyo safi, hizo nyingine nikaacha."

"Hiyo ndiyo filamu. Kurudia ndiyo filamu yenyewe."

"Mimi nikimpelekea mtu video ya harusi, bibi harusi anaingia kanisani mara saba, atanilipa au atanipiga?"

"Hii si harusi."

"Kila kitu kina mpangilio. Watu hawakati keki kabla ya kiapo. Ile yako ilianza na Jumatano, ikarudi Jumanne, ikaenda Alhamisi. Nimeinyoosha. Na imekwisha kabla ya Sabato, na wamepiga makofi. Hesabu mwenyewe."

"Nipe ile nzima, basi."

"Ndiyo hiyo."

"Ile ya kwanza. Tuliyorekodi."

"Nimekuambia ndiyo hiyo. Nilihifadhi vizuri, sikubadilisha hata jina."

Alikuwa amehifadhi yake juu ya yangu. Asubuhi tatu za koo langu zilikuwa zimelala chini ya kazi yake, na hazitoki. Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Watu walikuwa bado wanatoka, waumini wenzake, na jua lilikuwa limebaki kidogo tu juu ya miti. Nikamwambia kwa sauti ya maiki bila maiki, "Shemasi, wewe ni mwizi. Umeiba Jumanne sita." Watu walicheka. Nyakundi hakucheka. Akafunga mlango, akaenda kufungua Sabato, na hatukuongea tena kwa miezi minane.

Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Mahali ndipo palikuwa pabaya. Ninyi mkitaka kumwambia mtu ukweli wa namna hiyo, mpelekeni kando ya zizi.

Lakini filamu hiyo haikukaa Nyansiongo. Vile vibanda vya kuwekea watu filamu kwenye flashi viliipata, na kutoka hapo ikaenda Keroka, Kisii mjini, kila mahali. Ndiyo inayojulikana. Waendesha boda boda walianza kuniita kutoka mbali, "Mzee, mara ya sita sasa, vipi, umechoka?" Mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa ni kinywaji gani nilichokuwa natumia. Wakati wa makambi ulipofika, jina langu halikuwa kwenye orodha ya wakalimani. Nikamuuliza mzee wa kanisa. "Tumesikia unapumzika," alisema, huku akiangalia viatu vyangu. Miaka yote niliyosimama kushoto kwa wahubiri, nikaondolewa na mtu aliyepanga filamu vizuri.

Mama Kerubo alikuja kwangu mwenyewe, kutoka Manga, na miguu yake ilionyesha alivyokuja. Mke wangu Moraa alimpa chai. Hakuigusa.

"Nilikuwa Nyansiongo kwa dada yangu," alisema. "Nikasikia wanaonyesha Mama wa Barafu. Nikamwambia dada, hiyo ndiyo, twende. Nilimlipia mimi."

Nikajua.

"Sauti ni yako?"

"Ni yangu, Mama."

"Basi ni wewe uliyesema yule mama ni mwizi."

"Sikusema hivyo. Ilikatwa."

"Hukusema. Ulinyamaza pale ulipokuwa unamtetea. Dada yangu alicheka mpaka akashika tumbo. Akanigeukia, akasema, 'Ni kweli Mama Kerubo, huyu ni wewe kabisa.'"

Moraa aliondoka akaenda jikoni, na hakukuwa na kitu jikoni. Mimi nilieleza habari ya kompyuta na Sabato na harusi. Mama Kerubo alisikiliza yote kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Mimi kompyuta sizijui," alisema. "Wewe uliniahidi nzima."

Nilitaka kuisimulia upya wiki ile ile. Filamu yenyewe ninayo, bila sauti, kwenye sidii ya kwanza. Koo likakataa. Nilianza vizuri, na kufika Jumanne ya tatu sauti ikatoka kama gunia linaloburutwa. Daktari mjini alinichungulia kwa kioo chake, akasema kuna vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akaniruhusu kuongea saa moja kwa siku, tena bila kupaza, akaniambia nichague la kufanya nayo. Ndivyo nilivyostaafu. Hakuna chupa yoyote humo isipokuwa ile niliyokuwa nagonga.

Mwenzenu mmoja, simtaji maana ana nia njema, alinipigia simu. "Mzee, nitumie dakika tano tu za sauti yako safi. Kuna programu itasema filamu yote kama wewe. Hata mkeo hatajua."

"Itajua mahali pa kunyamaza?" nilimuuliza.

"Utaiambia."

"Kwa sauti gani?"

Akacheka. Mimi sikuwa nafanya mzaha. Sauti yangu imeshawahi mara moja kusema ambayo sikuyasema, na matokeo mmeyaona. Sitaki iseme tena nikiwa sipo.

Wiki mbili zilizopita Nyakundi alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, cha mtu asiye na uhakika. Akaniambia Jumapili ya mwisho wa mwezi huu hana harusi, ukumbi uko wazi, projekta ipo, na hatazima kitu mpaka niseme mimi. Ila alitaka nimwombe msamaha mbele ya watu wale wale.

"Kwa nini hasa?" niliuliza.

"Uliniita mwizi mbele ya kanisa."

"Neno 'mwizi' nitaliomba msamaha. 'Jumanne sita' sitaliomba, hiyo ni idadi."

"Sema Jumanne tano. Moja ilikuwa na mkwaruzo kweli."

"Sita."

"Haya, sita," alisema, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane Moraa akamletea chai. Bado anaamini yake ni nzuri zaidi. Bado ataionyesha Ijumaa kwa wanaoitaka, na wanaoitaka ni wengi kuliko mnavyofikiri. Jambo hilo linanichoma hadi sasa ninapoandika.

Nimempelekea Mama Kerubo habari. Atakuja na dada yake, na shemeji wawili ambao nao walisema maneno. Kuigawa filamu siku tatu, saa moja kila siku, haiwezekani. Jumatatu ni chai, na wale shemeji wakiondoka katikati, wataondoka wakiwa na lile lile walilokuja nalo.

Kwa hiyo nimekaa na daftari siku tano. Filamu ni dakika mia moja thelathini na nane. Koo ni dakika sitini. Zinabaki sabini na nane zisizo na mtu wa kuzisemea, na nimezihesabu mara mbili. Nilianza kuweka alama kwa kalamu: hapa niongee, hapa ninyamaze, hapa watu wataelewa wenyewe. Nilipofika Jumanne ya nne niliona nimeandika pembeni, kwa mkono wangu, "hii inarudia, iachwe." Nikafunga daftari. Sijalifungua tangu juzi.

Sasa nawauliza ninyi mlio kazini, na sijawahi kuwauliza kitu. Wengi wenu mmeiona Mama wa Barafu, ile mbovu. Ile nzima nitampa yeyote atakayekuja kwangu Nyanchwa. Itazameni mara tatu. Kisha mniambie kabla ya Jumapili hiyo: katika zile Jumanne saba, nimwache yule mama peke yake, bila sauti yangu, kwenye ipi, na wale shemeji bado waelewe? Na kama mnaona haiwezekani, ni nani kati yenu ambaye atakaa kushoto kwangu, aseme dakika sabini na nane kwa sauti yake mwenyewe, na asimsalimie rafiki yake hata mmoja?